Kadi ya Emil

Baba yangu, Anton Vrabel, alikata kadi za besiboli miaka ishirini na miwili, hapa Philadelphia. Karatasi moja kubwa ilibeba wachezaji mia. Alizipanga karatasi kifudifudi ili wino usichubuke, akashusha kisu cha mashine, wachezaji wakatoka mmoja mmoja, tayari kutiwa kwenye paketi za chingamu. Mimi nilifunga mafungu na kufagia.

Mwaka 1955 kaka yangu Emil, mrusha mpira, naye akachapwa kwenye kadi.

"Niletee moja leo leo," Mama akamwambia Baba.

"Zile nzima si zetu. Subiri zifike dukani, ununue kama wenzako."

"Kwa mwanangu mwenyewe unanipangisha foleni?"

Baba akacheka mpaka akakohoa.

Jumamosi ya wiki hiyo basi la timu lilipinduka huko Georgia. Emil akafa.

Tuliporudi kazini baada ya mazishi, kampuni ya chingamu ilikuwa imeshaamua kwamba haiuzii watoto kadi ya marehemu. Mchezaji mwingine alichapwa mara mbili kujaza nafasi yake. Karatasi za mwanzo lori lilikuwa limezibeba zote kwenda kusagwa.

Gallagher, msimamizi wetu, akamshika Baba bega. "Mzee Vrabel, za kujaribia kisu ni za mkataji. Hizo mimi sijaziona."

Ndiyo desturi. Kila asubuhi mkataji huchukua karatasi iliyoharibika wino, akaikata mara mbili, karibu karibu, aone kama makali yananyooka. Baba akainama chini ya meza. Ya Alhamisi, siku mbili kabla ya ajali, ilikuwapo bado, vipande viwili, kifudifudi kama alivyozoea. Akavigeuza.

Kisu kilikuwa kimepita usoni mwa Emil. Alhamisi ile alikata huku anapiga mluzi. Nilimsikia.

Nyumbani akamwekea Mama vipande viwili vya kadi ya Emil mezani, kando ya mkate.

"Nani kamfanya hivi?"

"Mimi. Sikumwona, Ludmila. Alilala kifudifudi."

Mama akavisogeza vikutane. Kofia ikakalia mdomo. Akavitenganisha, akavisogeza tena, polepole zaidi.

"Macho yake yako wapi?"

Baba alijua, nami nilijua. Kati ya mikato ile miwili huanguka ukanda mwembamba kuliko kidole, na chini ya mashine ile hafagii mtu mwingine.

"Nilifagia, Mama," nikasema.