Fundi wa Ombwe na Namba Alizozitunga

Saa moja kasorobo asubuhi. Mzee Ombwe anapiga magoti chini ya meza ya chuma, anapenyeza kichwa katikati ya mabomba na kusoma kipimo cha hewa. Goti la kulia linamuuma hadi anaguna. Anaandika namba kwenye daftari, kisha anarudi chini kuitazama tena.

"Siku hizi nasoma mara mbili," anasema, akikwepa macho ya mwandishi.

Jina la Mzee Ombwe alibandikwa na wenzake. Kwa miaka ishirini na saba kazi yake imekuwa kulinda ombwe, yaani kuhakikisha chombo kimoja cha chuma, kisichozidi ukubwa wa sufuria, hakiingiwi na hewa. Humo wanasayansi wa maabara hii hunasa atomu kwa mwanga wa leza na kuzipoza hadi zikaribie kusimama. Kisha huzimulika kwa mwanga mwingine zipate nishati ya ziada, wakahesabu zinadumu muda gani.

Maana atomu iliyochangamshwa hivyo haikai. Ama huitema nishati yake yenyewe kama mwanga, ama hugongana na mwenzake na zote mbili zikachomoka mtegoni.

"Zikiwa zimetulia zinapishana tu," anaeleza. "Ukizichangamsha, zikigusana ni vurugu."

Mwaka jana mwanafunzi wa uzamivu, ambaye fundi humwita binti yake ingawa hawana udugu, alikuwa akipima migongano hiyo. Nyuma yake kulikuwa na miaka minne ya kutoa jasho. Wakati huohuo goti la fundi likavimba, kuinama kukawa mateso. Basi kwa siku kumi na moja akawa anaandika namba ya jana, bila kuinama.

Naam, alitunga. Mtu ambaye wageni huonyeshwa daftari lake kama mfano wa kuigwa!

Siku ya kumi na mbili aliinama. Kipimo kilikuwa kimepanda mara tatu. Hewa ilikuwa ikipenya kwenye kiungo kilicholegea. Akakaza boliti, akaiacha pampu ivute, akapiga kimya.

Kumbe ni siku zilezile ambazo binti alikusanya vipimo vyake vya mwisho. Atomu zilikuwa zikigongwa na hewa, yeye akadhani zinamalizana zenyewe kwa zenyewe. Kwa furaha ya kumaliza vipimo akawanunulia soda maabara nzima, na chupa ya kwanza akampa fundi kwa mikono miwili, akisema bila yeye asingefika popote.

"Niliinywa," anasema. "Yote. Sijui niliimezaje."

Siri hiyo alikaa nayo wiki tatu. Mkewe alipomuuliza kulikoni, akasingizia goti. Aliposikia makala ya binti inapelekwa kwenye jarida kesho yake, ndipo akamfuata binti kwenye korido akamweleza. Binti aliuliza jambo moja tu: siku ngapi? Alipojibiwa, akaingia ndani, akafuta kurasa zake, akaanza upya. Hakumshtaki kwa mtu. Fundi alijipeleka mwenyewe kwa mkuu wa maabara, akapewa barua ya onyo.

Kurudia kazi kulichukua miezi mitano. Posho ya binti ilikatika katikati, akawa anafundisha watoto hesabu jioni ili apate kula. Fundi alimkuta mara kadhaa amesinzia juu ya meza.

"Na kila asubuhi ananiambia, 'Shikamoo, baba.' Bora angenitukana," anasema.

Vipimo vipya vimeonyesha kwamba atomu hudumu karibu mara mbili ya binti alivyoandika mwanzo. Si habari ya kutingisha dunia, lakini ni ya kweli.

Wiki ijayo binti anatetea tasnifu yake mbele ya maprofesa watano, na kwa vyovyote watamuuliza kwa nini amechelewa. Amepanga kujibu kwamba mashine ilipata hitilafu. Fundi ameshaomba ruhusa ya siku hiyo, na anataka kukaa mstari wa mbele.

"Amenisihi nisije, eti yamepita. Lakini hakuna mashine iliyoharibika. Wakiuliza, nitasimama niwaambie ni mimi."