Kiapo cha Mzee Hermilo

Magoti ya Mzee Hermilo yalitangulia kuzeeka, mwenyewe akafuata. Miaka thelathini na moja alikuwa akipanda kilima cha magofu cha Monte Albán, mfuko begani, kuwauzia wageni visanamu vya udongo. Wazee wa kale walioujenga mji wao huko juu, karibu na mawingu na mbali na maji, hakuwahi kuwasamehe.

Visanamu alivifinyanga mwenyewe, kisha akavifukia miezi sita kwenye shimo la samadi ya mbuzi nyuma ya nyumba, vikatoka na sura ya miaka elfu. Ujanja huo alifundishwa na mkewe, Eufemia, ambaye mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa mumewe. Eufemia alifariki mwaka juzi. Kazi zake ziliuzwa zote, hata moja ya ukumbusho haikubaki, na jambo hilo lilimuuma Hermilo kuliko magoti.

Asubuhi ile, mwalimu mmoja wa kike kutoka mji mkuu aliokota mungu wa mvua mwenye ulimi wa nyoka.

"Ya kweli hii, mzee?"

"Jembe langu lenyewe ndilo lililoifukua, mama. Naapa kwa roho ya marehemu mke wangu, ni ya kale."

Kiapo hicho kilimtoka kila siku, kama mtu anavyopiga miayo. Alipokuwa akiifunga sanamu kwenye gazeti, kidole gumba kilipita juu ya vishimo vitatu chini ya mguu wa huyo mungu. Jua lilikuwa kali, naye alikuwa amechoka, hakujali.

Akaenda kujipumzisha kando ya Casilda, muuza kofia, akamwaga mfuko.

"Sita," alisema. "Mbona sita? Nilifukia sita, na moja nimeshauza."

"Uzee huo, shemeji. Kesho utasahau na suruali."

Hermilo hakucheka. Kidole kilikuwa kimekumbuka. Kila Eufemia alipomaliza sanamu, aliibonyeza kwa ukucha mara tatu chini ya mguu, asije akachanganyiwa kazi yake na ya mumewe shimoni. Moja ilikuwa imebaki chini kabisa ya samadi, miaka miwili yote hiyo.

"Unakwenda wapi na jua hili?" Casilda aliuliza.

"Kwa mke wangu."

Alivuka uwanja mkubwa, akapanda ngazi za jukwaa la mawe la kusini huku ameshika magoti kwa mikono miwili. Yule mwalimu alikuwa juu, anapiga picha.

"Mama, nirudishie ile sanamu. Pesa yako hii hapa. Ni feki, aliifinyanga mke wangu."

Mwalimu alikumbatia mkoba. "Asubuhi ya kale, mchana feki? Kuna mtu amekwambia thamani yake, sivyo?"

"Tazama chini ya mguu. Alama tatu. Ni ukucha wa Eufemia."

Mwalimu alifungua gazeti, akatazama, na uso ukamng'aa. "Ukucha wa mfinyanzi wa kale! Mungu wangu!"

"Mama, naapa..."

"Unaapa kwa nani sasa? Asubuhi uliapa kwa roho ya mkeo."

 Hermilo hakuwa na mwingine wa kuapa kwa jina lake. Jina la Eufemia alikuwa amelitumia kila siku, kwa kila mpita njia, mpaka akalichakaza. Aliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa mbele ya marehemu. Mwalimu alishuka zake, na baadaye basi la wageni likanguruma, likaondoka.

Alasiri wachumba wawili wakasimama mbele ya mfuko wake. "Ya kweli hii, mzee?"

"Nimeifinyanga mwenyewe, mwezi wa tatu."

Walicheka, wakapita.

"Shemeji, unaumwa?" Casilda alinong'ona.

"Nimechoka, Casilda. Nimechoka tu."

Alishuka kilima kwa miguu, taratibu. Nyumbani hakugusa chakula. Alichukua jembe, akachimba lile shimo la samadi mpaka jembe likagonga mwamba, kisha akapiga magoti, akapekua kwa vidole, akitafuta vishimo vitatu vingine.