Bibi Aliyeijua "Put Up"

Kitabu cha Kiingereza cha darasa la sita kilinishinda kwenye sentensi ya pili. Ukurasa mzima ulikuwa wa "put up". "Put" nilikuwa naijua, ni weka. "Up" nilikuwa naijua, ni juu. Kwa hiyo niliandika ubaoni kwa mwandiko wangu mzuri kwamba "put up" ni weka juu, nikajiona mwalimu kamili. Sentensi ya kwanza ilikubali: mtoto aliweka mkono juu. Ya pili ilisema mjomba aliwaweka juu wageni wawili kwa siku tatu. Mwanafunzi mmoja akauliza kama ni darini. Nikamwambia anyamaze, kwenye mtihani hawaulizi dari.

Nilikuwa na miaka ishirini, mwalimu mpya katika kijiji cha ujamaa upande wa Zombo, tena bado niko kwenye majaribio. Mkaguzi wa shule alikuwa atoke Kilosa mwezi uleule aje kunitazama nikifundisha. Akiridhika, nathibitishwa kazini. Asiporidhika, narudi Mikumi kwa mama yangu, ambaye alikwisha kumtangazia kila dereva wa lori aliyekunywa uji kwake kwamba mwanawe ni mwalimu. Kamusi shuleni haikuwepo. Nilipomwonyesha mwalimu mkuu ile sentensi ya mjomba, aliisoma mara mbili, akakohoa, akakumbuka ana kikao cha kijiji.

Alasiri nilifundisha kisomo cha watu wazima katika chumba kilekile. Kati ya wanafunzi wangu alikuwemo bibi mmoja aliyehamia kijijini akitoka mashamba ya mkonge ya Kimamba, ambako kabla ya uhuru alikuwa yaya nyumbani kwa meneja. Hakujua kuandika hata jina lake. Kila nilipoingia walisimama wote wakasema, "Shikamoo mwalimu," naye akiwemo, nami nikachanganyikiwa. Niitikie marahaba kwa mtu wa umri wa bibi yangu? Au niwahi kumwamkia mimi? Nilikuwa nainama najifanya natafuta chaki.

Siku moja nilisahau kufuta ubao.

"Hicho kizungu kinasemaje, Mwalimu?" bibi akauliza.

Nikamsomea ile ya mjomba, kwa kujidai kidogo.

"Aa. Kawapa wageni malazi," akasema, kama mtu anayetaja bei ya nyanya.

Wenzake walipoondoka nikamwomba abaki, nikamsomea zilizosalia. Zote alizijua. Kutundika chandarua ni "put up", alikuwa anaagizwa kila magharibi. Kujenga uzio ni "put up". Duka likipandisha bei ya sukari, ni hiyohiyo. "Na yule mama wa kizungu akigombana na mumewe, alimwambia 'I won't put up with you'. Hapo ni kuvumilia. Lakini alimvumilia miaka yote niliyokaa pale."

Badala ya kuelewa, nilizidi kupotea. Neno gani hili linalotundika, linajenga, linalaza wageni, halafu linavumilia? Nikamuuliza kanuni yake ni ipi.

"Kanuni ya nini? Unamtazama mtu ameshika nini mkononi, na uso wake ukoje. Utajua tu."

Ikawa ndiyo kawaida yetu. Kisomo kikiisha yeye anahangaika na herufi zake, mimi nahangaika na sentensi zangu. Tukitoka nje ananiita "mume wangu", utani wa bibi na mjukuu, na kunidai sabuni mbele za watu. Nilimpenda. Hata hivyo, siku moja nilimwomba asimwambie mtu.

"Nisimwambie nini?"

"Kwamba unanisaidia, bibi."

Alinitazama, akasema, "Haya."

Mkaguzi alipokuja nilifundisha "put up". Nilileta chandarua, nikachora uzio, nikawafanya watoto wawili wawe wageni na mmoja mjomba. Darasa lilichangamka. Mkaguzi akasimama, akaniuliza mbele ya wote, "Haya umeyatoa wapi, Mwalimu? Kitabuni hayamo."

Mlangoni alikuwa amesimama bibi na sufuria la wali wa mgeni.

"Chuoni, mzee," nikasema.

Bibi akaweka sufuria chini taratibu, akaondoka. Nikathibitishwa kazini. Mama alinitumia salamu za pongezi kwa dereva wa basi, nami niliona aibu kuzipokea.

Kisomo hakuacha kuja. Alisimama na wenzake, akaniamkia. Lakini nje sikuwa tena mume wake. Dukani, kisimani, njiani, nilikuwa "Mwalimu". Sijawahi kuadhibiwa kwa heshima kiasi kile. Niliitazama mikono yake na uso wake, kama alivyonifundisha, nisijue amekasirika au amenidharau tu. Nilijiambia kwamba mwenyewe alikubali kunyamaza. Nilijiambia hivyo mara nyingi mno.

Miezi ikapita, ukaja mtihani wa kisomo, na mkaguzi ni yuleyule. Kila mmoja alisoma mistari michache, akaandika jina lake, kisha akaulizwa ni nani amemfundisha. Wengi walijibu kijiji, wengine wakasema serikali. Zamu ya bibi ilipofika, alisoma polepole, kidole chini ya mstari, hakukosea. Akaandika jina lake lote, la baba na la babu.

"Hongera, mama. Nani amekufundisha?"

Akageuka akaninyooshea kidole nilipokaa nyuma. "Kijana huyu. Nilikuwa sijui hata kushika chaki. Ni yeye, hakuna mwingine."

Watu wakapiga makofi. Masikio yaliniwaka moto. Nikainuka, nikamwambia mkaguzi kwamba ile "put up" sikuipata chuoni, nilifundishwa na bibi huyu, humuhumu, na kwamba siku ile nilimdanganya yeye mkaguzi. Makofi yakakatika. Mkaguzi akanitazama, akatazama daftari lake, hakujua aandike wapi.

Sikumngoja. Nilipita katikati ya madawati hadi mbele, safari hii bila kutafuta chaki.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema.

Bibi alinitazama mikononi, akanitazama usoni. Kisha akaitika, "Marahaba, mume wangu."