Mzee Placidius na Kifungua Kinywa cha Kompyuta

Shemeji yangu Placidius, kaka wa marehemu mume wangu, hawezi kuona kitu kina njaa akakipita. Mbwa wa jirani wanakuja kwake asubuhi kabla hawajabweka kwao. Kwa hiyo chama chetu cha kahawa hapa Kaisho kilipomwajiri kuwa mlinzi, kikamkabidhi na jenereta na ufunguo wa kabati, niliona kimepata mtu.

Mwaka 1996 chama kilinunua kompyuta kubwa waliyoiita seva, ambako kompyuta nyingine za ofisi zingechota hesabu za kahawa. Fundi kutoka Mwanza aliisimika mbele yetu sote: akachomeka disketi ya kwanza, ambayo alisema hufuta kila kilichomo ili mashine ianze upya, akabonyeza kitufe kila mashine ilipouliza, akachomeka ya pili, ikaamka. Kisha akaenda zake, akamwachia binti yangu Kemirembe, aliyekuwa amesomea kazi hiyo Bukoba.

Kemirembe alikuwa kwenye majaribio. Meneja, Bwana Rwezaura, alimwambia wazi kwamba Ijumaa kamati ikija, mashine ionyeshe kilo za kila mwanachama. Ikishindwa, arudi Igurwa kupalilia maharage. Mimi nilikuwa mpika chai wa ofisi, na tangu siku hiyo chai yangu ikawa haina sukari au ina chumvi.

Maana kila asubuhi Kemirembe alikuta mashine tupu, inadai disketi ya pili. Anasimika upya, anaingiza majina, kesho yake hakuna hata jina moja. Mwanangu alikonda. Nilishuku umeme, nikashuku panya, nikamshuku mke wa meneja, kwa kuwa mdogo wake aliitaka kazi ile. Nikaanza kuwahi ofisini.

Jumatano nikachungulia dirishani. Placidius aliwasha jenereta, akanawa mikono, akatoa disketi ya kwanza kabatini, akaichomeka, akawasha mashine. Mashine ikiuliza, anabonyeza. Ikiuliza tena, anabonyeza. Ilipodai disketi ya pili, akaichomoa ile ya kwanza, akaifuta kwa leso na kuirudisha kabatini.

Nikamuuliza anafanya nini.

"Naipa chakula, mama Kemirembe. Jenereta bila mafuta itanguruma? Hiyo ya pili siipi. Itavimbiwa kabla watu hawajafika."

Sikuwa na ujasiri wa kumwambia kwamba anafuta kahawa ya Kaisho nzima. Nikamwambia mwanangu. Kemirembe akakaa juu ya gunia. Akimshtaki mzee kwa meneja, mzee atafukuzwa. Akinyamaza, atafukuzwa yeye. Akaenda kumsihi kwa adabu aache.

"Mwanangu," Placidius akamjibu, "baba yako alipofariki, kuna asubuhi niliyokunyima uji?"

"Hapana, baba mkubwa."

"Sasa unataka niinyime hii, ambayo hata mama haina?"

Kemirembe akarudi, akaisimika mashine upya kwa mara nyingine, akaingiza majina yote na kilo zake. Halafu akaizima, akaiwasha, akabonyeza kitufe fulani hadi ukatokea ukurasa wa bluu. Akanieleza kwamba hapo mashine huambiwa ianzie wapi inapoamka. Fundi aliiacha itazame kwanza kwenye disketi, ndipo iende kwenye diski yake ya ndani. Yeye akageuza: ya ndani kwanza, disketi baadaye.

"Ailishe tu," akasema. "Haitafungua mdomo."

Alhamisi majina yalikuwepo, lakini mimi siamini kitu kwa siku moja. Ijumaa kamati ilipoketi, Placidius akaingia na koti lake la kanisani, akatoa disketi mbele ya wote, akaichomeka, akawasha. Nikashika birika kwa mikono miwili. Akabonyeza, akabonyeza tena. Mashine haikumuuliza lolote. Ikatulia ikidai neno la siri, Kemirembe akaliandika, na kilo za mwenyekiti mwenyewe, Mzee Karekezi, zikatokea.

Mwenyekiti akazisoma mara mbili. Meneja akaanza kusema kwamba suala la ajira ya binti litazungumzwa kikao kijacho. Placidius akanyoosha mkono, ingawa mlinzi hana kura.

"Mwajirini leo," akasema. "Zamani ilikuwa inaniuliza maswali asubuhi nzima kama hakimu. Tangu mtoto huyu aifundishe adabu, inakula kimya."

Wajumbe wakacheka, mwenyekiti akagonga meza, na Kemirembe akaajiriwa. Mimi nikamimina chai, nyingine ikaingia vikombeni.