Karata za Shangazi Zisizosomeka

Niliwahi kumsikia mtabiri akimwuliza mteja wake, "Wewe unaona nini?" Mteja akajibu, akalia, akaondoka anashukuru.

Na kosa lote lilikuwa langu.

Mimi kazi yangu ni kuchora. Lebo za sabuni, mabango ya maduka, mambo hayo. Shangazi yangu anatabiri kwa karata za taroti, zile sabini na nane zenye picha. Siku moja akanivuta jikoni, akafunga mlango.

"Mwanangu, macho yamenisaliti. Karata sizioni."

"Si ununue miwani, shangazi?"

"Mtu akiniona nahangaika na karata iliyo mbele ya pua, ataamini vipi kwamba naiona kesho yake? Wakijua, nimekwisha. Nichoree mpya. Za kusomeka."

Niliumia, maana huyu ndiye aliyenilea.

Nikachora miezi mitatu. Kila kundi likapata fremu yake nene: vikombe buluu, fimbo kijani, panga nyekundu, sarafu njano. Ndani ya fremu nikaweka vitone vikubwa vya namba, kwa rangi ileile. Picha zenyewe nilizichora kwa mistari myembamba ya wino mweusi, kwa kuwa kazi nzito ilikuwa ya fremu. Mezani pangu, chini ya taa nyeupe, nilijipa mia kwa mia.

Swali ambalo sikujiuliza: shangazi anazisomea wapi?

Chumbani kwake. Mapazia mazito na balbu nyekundu. Balbu hiyo nimeiona tangu utoto, ila akili yangu ilikuwa likizo.

Mteja wa kwanza wa karata mpya alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mwenye mdomo usio na breki. Akikusifu, mtaa mzima unajua. Akikuponda, jiandae kuhama. Mimi nilijibanza nyuma ya pazia kusubiri sifa zangu.

"Mwanangu hapokei simu zangu, mwaka wa pili sasa," mwalimu alisema. "Nani kamroga?"

Shangazi akafunua karata.

Nikachungulia. Mama yangu! Chini ya ile balbu, iliyoipaka karatasi nyeupe wekundu uleule, fremu nyekundu na njano zilikuwa zimepotea kabisa, buluu na kijani zimekuwa nyeusi tupu. Kwa macho yake, shangazi alikuwa anatazama karatasi tupu. Jasho likanitoka hadi kwenye soksi.

Akaisukuma karata mbele ya mgeni.

"Mwalimu, leo mimi sisemi. Wewe unaona nini?"

Mwalimu akainama. Macho yake yalikuwa mazima, ile mistari myembamba ya wino aliiona.

"Naona mwanamke kakaa kwenye kiti. Kainua upanga." Akaisogeza karata karibu. "Mbele yake hakuna mtu. Nani atamsogelea na upanga huo?"

Akamwinulia shangazi uso.

"Dada, huyu si mimi?"

Akalia kama mtoto. Akatoa simu palepale, akaandika: nisamehe, mwanangu. Kijana akapiga kabla mama hajafika getini.

Wiki hiyo foleni ilifika barabarani. "Yule hakutabirii," mwalimu alitangaza kila kona, "anakufanya ujione mwenyewe!"

Mimi roho ilinisuta. Nikachora upya, safari hii kwa fremu nyeusi za maumbo tofauti, zinazoonekana hata chini ya balbu ile. Nikampelekea shangazi na kuungama kila kitu.

Akazipapasa, akazifungia kabatini.

"Hizi balaa. Nikiziona vizuri nitaanza tena kuongea mimi. Miaka thelathini nimeongea, na hakuna hata mmoja aliyetoka hapa akaenda kupatana na mtoto wake."

Juzi mtabiri wa mtaa wa pili kanitafuta. "Nataka kama za shangazi yako. Zile zisizosomeka."

Nimekubali, uso mkavu. Nimemwambia zinachukua muda mrefu, kwa sababu kukosea kwa ufundi si mchezo.

Funzo nililopata ni hili: kabla hujamchorea mtu kitu, kaa kwanza kwenye kiti chake, chini ya taa yake. Na ukikosea watu wakakusifu, sema asante, aibu ukaione ukifika nyumbani.