Karatasi ya Mwisho Siku ya Mbio

Juzi nilirudi Garissa na kamera begani, nimeitwa kupiga picha za mbio za shule. Kama unadhani ni kazi rahisi, njoo usimame uwanjani pale saa saba mchana. Jua linapiga kwenye kioo, vumbi linaingia mpaka kwenye meno, na mkimbiaji hakungoji, ukipepesa jicho ameshapita. Nikacheka peke yangu, maana nilimkumbuka mtu aliyepiga picha za mbio kwenye uwanja huohuo kwa sanduku la mbao.

Zilikuwa siku za vita vya shifta. Sisi watoto tuliamka kwa adhana, tukampeleka punda mtoni Tana kuleta maji, tukanywa chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, na jioni firimbi ya askari ya kafyu ilitukuta tuko ndani. Mimi na kaka yangu tulikaa kwa abti, mjomba wetu, kwa ajili ya shule. Mama alikuwa Modogashe na mifugo. Barabara ilifungwa, malori yakapita kwa msafara tu, askari mbele na nyuma. Na huko Modogashe watu walikuwa wamemwambia mama kwamba kaka amepigwa risasi. Tuliandika barua mbili. Dereva wa lori akatuletea jibu: "Barua inaandikwa na mtu yeyote. Nataka kuona uso wake."

Sasa uso ulihitaji mpiga picha, na mpiga picha alikuwa mmoja tu, jirani yetu. Sanduku lake lilisimama kwa miguu mitatu. Aliingiza kichwa ndani ya kitambaa cheusi, na picha aliisafisha humohumo sandukuni. Karatasi zake zote zilikuwa za serikali, za picha za vipande, yaani vitambulisho, akipoteza moja anaulizwa. Wazee wetu wote walishapita mbele yake, nasi tukichungulia, kwa hiyo amri yake, kwa ulimi wake wa Kisomali unaogeuza p kuwa b, tuliijua kwa moyo: "Simama kama mti. Usibumue!" Ukitikisika, unatoka moshi.

Basi shule ikapanga mbio. Mwalimu mkuu akapata karatasi tatu, akatangaza kwamba kila mshindi atapewa picha yake. Kaka alikimbia kama ngamia mwenye kiu aliyesikia harufu ya maji. Mimi sikuwa na wasiwasi hata kidogo.

Mbio za kwanza, picha ikatoka vumbi tupu, na miguu sita isiyo na wenyewe. Mbio za pili, jua likaingia, karatasi ikaharibika yote. Mpiga picha akafuta jasho.

"Hawa watu hawatulii!"

"Ni mbio, mzee," mwalimu akasema.

"Basi wakimbie bolebole!"

Ikabaki karatasi moja, na nusu maili ya kaka. Kona ya mwisho alikuwa mbele peke yake, mimi naruka na kupiga kelele. Hatua kumi kabla ya kamba ya kumalizia, mbele ya sanduku, akasimama. Akageuka, akabana mikono mapajani, akainua kidevu, akazuia pumzi.

Uwanja ukalipuka. "Warya, kimbia!" "Kamba iko kule, wewe!" "Huyu jua limempanda kichwani!" Wenzake wakampita kulia na kushoto. Hakupepesa. Mpiga picha akafunua kioo, akahesabu taratibu, akakifunika. Ndipo kaka akapumua, akatembea mpaka kwenye kamba, wa mwisho.

Picha ilitoka safi, mpaka vifungo vya shati unavihesabu. Wenzake nyuma yake walikuwa moshi. Mwalimu mkuu akaishika juu. "Wewe hukushinda. Picha ni ya mshindi."

Mimi machozi yakanilenga. Mshindi, kijana wa Hulugho, bado anahema, akaigeuza huku na huku. "Mwalimu, mimi niko wapi hapa?" Mwalimu akamwonyesha moshi mmoja. "Wallahi, huyu hata mama yangu hawezi kumtambua. Mpe mwenye uso."

Picha ikasafiri katika mfuko wa shati la dereva. Jibu lilipokuja, lilikuwa hili: "Mama anauliza, kama mtoto ni mzima, mbona wenzake wanakimbia na yeye amesimama?" Tulicheka mpaka abti akatukemea. Kisha dereva akasema mama amechinja mbuzi, na yeye mwenyewe amekula.

Sanduku lile halipo tena, na jirani yetu ametangulia. Siku hizi naukamata mguu wa mkimbiaji ukiwa hewani, hakuna anayelazimika kusimama. Lakini picha ile hata mimi sina. Barabara ilipofunguliwa tulikwenda Modogashe, mama akaifungua kutoka kwenye ncha ya shuka lake. Kila alfajiri, baada ya swala, alikuwa akiipapasa kwa kidole gumba. Uso wa kaka ulikuwa umefutika wote, waliobaki ni wale wa moshi tu, wanakimbia.

"Hooyo, mbona umenifuta?" kaka akauliza.

Mama alimvuta karibu, akapitisha kidole kilekile kwenye paji lake, shavu, kidevu, taratibu, kama mtu anayeendelea na kazi yake.