Posa ya Fundi wa Mwezi

Kwetu Mombasa, posa haijibiwi kabla mposaji hajauliziwa. Unatuma mtu mtaani kwao, anapita kwa muuza duka, kwa imamu, kwa jirani mmbea, na kufikia Ijumaa unajua kijana anaswali wapi na anavyomjibu mamake. Mimi nilikuwa Lewisham, huko London, nesi niliyeachika, mwenye binti mmoja, na jirani wa ukuta kwa ukuta sikumjua hata jina. Nani angeniulizia?

Na huyu aliyekuja kumposa binti yangu alihitaji kuuliziwa haswa. Mzanzibari, mpole kupita kiasi, viatu vinang'aa. Alipoketi sebuleni kwangu nikamwuliza kazi yake, akasema anachora mwezi kwa kompyuta. Ilikuwa ile miaka ya elfu mbili na kitu, kulipokuwa na mazungumzo ya kupeleka tena watu mwezini, wauzunguke tu na kurudi bila kutua. Yeye na wenzake, akasema, walitengeneza picha za yale ambayo wanaanga wangeyaona dirishani, wayazoee kabla ya kuondoka, maana huko muda wa kutazama ni mfupi.

Nilimwangalia binti yangu. Alikuwa anaangalia zulia.

"Mmejuana wapi?"

"At Eid, Mum. This year. I told you."

Ati Idi ya mwaka huu. Ananijibu Kiingereza tangu aanze shule. Kiswahili anakisikia chote, ila hakimtoki. Nilishazoea, au nilijifanya nimezoea.

Shoga yangu, msusi wa Peckham, alicheka mpaka akaangusha kitana. "Mwezi? Shoga, si aseme tu anafanya cleaning, sote tumefanya! Huyo hana job. Au ana mke, na huko mwezini ndiko anakolala."

Maneno yale yalinikaa rohoni. Nikawa namwuliza kijana swali lilelile mara mbili nione kama jibu litabadilika. Nilinusa koti lake alipolitundika. Sioni haya kulisema. Baba wa binti yangu alikuja kwetu akisema ni mhasibu wa benki, na benki aliijua kwa nje tu. Aliyetumwa kumuulizia alikuwa binamu yake. Safari hii nikaamua kuulizia mwenyewe.

"Nipeleke kazini kwako," nikamwambia. "Leo. Na usipige simu kwanza."

Kilikuwa chumba juu ya duka la mazulia, ngazi zinanuka gundi. Ndani kompyuta zimerundikana, na katikati kiti kuukuu cha gari mbele ya ubao uliotobolewa dirisha dogo. Hiki ndicho chombo cha mwezini? Niliukumbatia mkoba wangu.

"Kaa, mama. Nitakuwekea ile picha ya kwanza, ya majaribio, tuliyofanya mwaka juzi. Ina maelezo ya Kiswahili. Niliyataka mwenyewe, nipime kama yanaeleweka. Utafuata vizuri zaidi." Jasho lilikuwa linamtoka.

Akazima taa. Mwezi ukaja dirishani, wa kijivu, umejaa mashimo, mkubwa mpaka nikarudi nyuma kitini. Pembeni yake dunia yetu, ya buluu, ndogo, ikishuka kuelekea ukingoni. Sauti ya mwanamke ikaanza kueleza taratibu, kwa Kiswahili safi, wapi pa kutazama na kivuli kitaingia wapi. Kisha ikasema:

"Sasa tunapita nyuma ya mwezi. Dunia itapotea, na redio itanyamaza. Usibabaike. Kaa papo hapo, inarudi."

Dunia ikazama.

Maneno yale yalikuwa yangu. Ndiyo niliyomwambia binti yangu kwenye lango la chekechea, aking'ang'ania sketi yangu ya kazi: usibabaike, kaa papo hapo, mama anarudi. Na sauti ilikuwa ya binti yangu mwenyewe. Mwaka juzi, na mimi nimeambiwa Idi ya mwaka huu! Nimehangaika kunusa koti la mtu baki, kumbe uongo unakula chakula changu mezani.

Nikageuka. Kijana amesimama mdomo wazi. Katika kuhangaika nimwelewe, alisahau aliyesoma maelezo ni nani.

"Tulikuwa tunangoja nipate contract, mama. Yeye ndiye aliyesema tusiseme bado. Anakuogopa."

"Na akiwa nawe, huzungumza Kiswahili?"

"Siku zote, mama."

Hilo liliniuma kuliko uongo wenyewe. Niliona wivu, wivu mtupu. Dirishani giza lilikaa kitambo, kisha dunia ikachomoza upande wa pili, kama binti yangu alivyosema.

"Waambie wazee wako waje Jumapili," nikasema.

Akashusha pumzi, akanyoosha mkono kuwasha taa.

"Iache. Irudishe mwanzo. Huo mwezi uzime, sina haja nao. Niwekee sauti tu."